Mshono wa tumbo unatoa usaha: maswali na majibu kutoka chumba cha vidonda

Juzi nilifungua bandeji ya mama aliyepasuliwa kidole tumbo, nikakuta unga wa njano umegandamana na usaha. Alipasua kapsuli ya antibayotiki, dawa ya kuua bakteria, akamimina. Siku sita nyumbani.

Maambukizi ya mshono ni nini?
Ni bakteria kuingia kwenye jeraha la upasuaji, kwa kawaida ndani ya siku 30. Utumbo umejaa bakteria. Ukitoboka, kwa taifodi kwa mfano, uchafu humwagika tumboni. Kwenye usaha mara nyingi tunawakuta haohao, kama E. coli.

Nitajuaje?
Maumivu yanazidi badala ya kupungua, mshono unavimba, unatoa maji yenye harufu, homa inapanda. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo nawa mikono, gusa kando ya mshono usikie joto.

Si nianze na dawa za dukani kwanza?
Hapana. Usaha uliofungiwa ndani haumalizwi na vidonge. Lazima nyuzi zifunguliwe utoke. Tena ukishameza dawa, tukiotesha usaha maabara ili tujue ni bakteria gani, wanaweza wasiote, tukabaki tunabahatisha.

Na unga wa kapsuli?
Hapana, hapana! Kapsuli ni ya kumeza. Juu ya kidonda inaganda tu, na usaha unabaki chini yake.

Mbona jirani alipona kwa sindano ya antibayotiki iitwayo seftriaksoni, na mimi sijapona?
Bakteria wake si wako. Wengine wana vimeng'enya, yaani protini wanazotengeneza wenyewe, vinavyovunja seftriaksoni isiwadhuru. Huo ndio usugu, na vidonge vinne vya kuazima vinaulea: dhaifu wanakufa, sugu wanabaki kuzaana. Majibu ya kuotesha huchukua siku 2 au 3, ndiyo yanayotuambia dawa ipi bado inafanya kazi.

Niliruhusiwa bila antibayotiki. Walisahau?
Hawakusahau. Kwa upasuaji uliopangwa, dozi inayotolewa kabla ya kisu mara nyingi inatosha. Aliyekutwa na usaha tumboni huendelea nazo kwa siku alizoandikiwa.

Kliniki yangu ni wiki ijayo. Nisubiri?
Usisubiri. Mshono ukilowa usaha, njoo leo. Ukiona kinyesi au maji ya kijani yanatoka, au tumbo limejaa na gumu huku unatapika, njoo hata saa nane usiku. Zamu ya usiku tupo.