Maziwa, mkojo na gobore: yanayosemwa kuhusu ufundi chuma wa nyumbani

Nunua grenda na kimashine kidogo cha kuchomelea, vifungue uani kwako Chikongola au Mikindani, Mtwara, na ushauri wa bure utaanza kumiminika kabla hujachomeka waya. Jirani ana lake, fundi mageti wa barabarani ana lake, na simu nayo imejaa video za Wamarekani wanaounda kila kitu, kuanzia kisu cha jikoni hadi bunduki. Yote husemwa kwa uhakika mkubwa. Mengine ni kweli, mengine nusu kweli, na machache yanaweza kukuua au kukupeleka jela.

"Kunywa maziwa, moshi hautakudhuru"

Hili ndilo linaloaminika kuliko yote, na pakiti ya maziwa utaikuta kwenye karakana nyingi kuliko barakoa. Tuanze na moshi wenyewe. Bomba la maji la mabati na bati la paa vimepakwa zinki. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, wakati chuma hakiyeyuki mpaka karibu nyuzi 1,500. Maana yake ni kwamba kabla chuma chako hakijaanza kushikana, zinki imeshageuka mvuke, ikakutana na hewa na kuwa ule moshi mweupe mzito unaopanda usoni. Maziwa yanakwenda tumboni. Moshi unakwenda kwenye mapafu. Havikutani.

Kinachowapumbaza watu ni kwamba madhara hayaji papo hapo. Unachomelea mchana, unakula, unaoga, na saa kadhaa baadaye unaanza kutetemeka kwa baridi, homa inapanda, viungo vinauma na mdomoni kuna ladha ya chuma. Kwa watu wa Mtwara na Lindi, baridi na homa ya usiku ina jina moja tu: malaria. Basi mtu anakwenda duka la dawa, anameza dawa mseto bila kupima, na kwa kuwa homa ya moshi wa zinki kwa kawaida huisha yenyewe ndani ya siku moja au mbili, anaamini dawa imefanya kazi. Wiki ijayo anachomelea tena mabomba na "malaria" inarudi. Ukiona homa inafuata kazi badala ya mbu, kapime, na umweleze daktari umeshinda unafanya nini. Kifua kikibana au pumzi ikikata, hiyo si ya kusubiri asubuhi.

Dawa yake ni ya kifundi. Iondoe zinki kwa grenda au kwa tupa pale unapotaka kuchomelea, fanya kazi nje, simama upepo ukupige ubavuni ili moshi uondoke usoni, na vaa barakoa ya fundi yenye chujio. Kitambaa cha shingoni hakichuji kitu. Na boliti zile zenye rangi ya dhahabu iliyopauka, hasa za mashine za zamani, usizichomelee kabisa kama hujui zimepakwa nini. Zikiwa na kadmiamu, metali yenye sumu, moshi wake si wa homa ya siku moja, unaweza kuua.

"Miwani ya jua inatosha"

Haitoshi. Mwanga wa kuchomelea una miale ya urujuanimno inayounguza uso wa jicho bila wewe kuhisi, kisha usiku wa manane unahisi mchanga machoni na huwezi kuyafumbua. Kioo cha kuchomelea kwa umeme kiwe namba 10 au zaidi. Wanaosahaulika ni watoto waliojipanga ukutani kutazama cheche. Wao hawana hata hiyo miwani ya jua.

"Chuma chochote ukikichovya kinakuwa kigumu"

Kijana anachukua kipande cha nondo kilichobaki kwenye ujenzi, anakipasha mpaka chekundu, anakiponda kiwe patasi, anakitumbukiza kwenye ndoo. Kinatoa ule mlio, anafurahi. Anampelekea mchongaji. Siku ya pili mchongaji anairudisha, ncha imejikunja.

Hakukosea kuchovya. Alikosea kuchagua. Ugumu unaotokana na kuchovya hautolewi na maji wala moto peke yake. Unatokana na kaboni iliyomo ndani ya chuma. Nondo za kawaida zina kaboni kidogo, mara nyingi karibu asilimia 0.2, na kwa kiasi hicho unaweza kuichovya mpaka maji yaishe kisimani, itabaki laini. Springi ya gari, ile ya bapa, ina karibu asilimia 0.6. Hiyo ndiyo inayokubali. Kwa hiyo wahunzi wanaogombania springi chakavu na tupa zilizoisha hawafuati mila tu. Wanajua, hata kama neno kaboni hawajawahi kulitumia.

Utazijuaje? Gusisha kipande kwenye jiwe la grenda gizani kidogo. Chuma laini hutoa cheche ndefu, nyoofu, zenye matawi machache. Chenye kaboni nyingi hutoa cheche zinazopasuka-pasuka nyota nyota. Haikupi namba, lakini inakutenganishia nondo na springi bila gharama.

Kisha kuna suala la joto. "Kikiwa chekundu" si kipimo, kwa sababu wekundu wa kivulini si wekundu wa juani, na jua la Lindi saa saba mchana linakuficha rangi yote. Wahunzi wa zamani walifanyia kazi hii kibandani penye giza, na sababu ilikuwa hiyo. Leo kuna njia rahisi: sumaku. Chuma hupoteza mvuto wa sumaku kwenye nyuzi 770 hivi. Kikishaacha kushikwa, ongeza moto kidogo tu, kisha chovya.

Baada ya hapo wengi huishia, na hapo ndipo patasi inapovunjika. Chuma kilichotoka tu kuchovywa ni kigumu lakini hakina uvumilivu, kinakatika. Lazima ukirudishie joto kidogo. Safisha sehemu moja ing'ae, pasha taratibu, uangalie rangi zinazotembea juu yake: manjano ya nyasi kavu ni karibu nyuzi 230, bluu ni karibu 300. Patasi ya kuchongea unaisimamisha kwenye manjano iliyoiva. Springi inayotakiwa kunesa unaiacha ifike bluu. Makali hayo yanatakiwa hasa huku kwetu, maana patasi na tezo za wachongaji wa Kimakonde zinapambana na mpingo, mti mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama. Patasi ya nondo na mpingo, nani atashinda inajulikana.

"Siri ya wahunzi ni mkojo"

Nilitarajia kulicheka hili, lakini lina ukweli ndani yake. Mkojo una chumvi, na maji ya chumvi hupoza chuma haraka kuliko maji yasiyo na chumvi kwa sababu chumvi huvunja lile ganda la mvuke linalojifunika kwenye chuma cha moto. Sasa, mtu anayeishi hatua chache kutoka ufukwe wa Shangani ana bahari nzima na hana haja ya kuhangaika na kopo. Tatizo ni kwamba kwa springi upesi huo umezidi. Inapasuka, wakati mwingine ufa hauonekani mpaka siku ya kazi. Springi ichovye kwenye mafuta yaliyopashwa uvuguvugu, ndani ya chombo cha chuma chenye mfuniko karibu, maana yanaweza kuwaka.

"Ufundi chuma tuliletewa na Wazungu"

Kilwa Kisiwani, mkoa wa Lindi, wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta taka za kuyeyushia chuma kwenye tabaka za chini kabisa za mji, karne nyingi kabla ya Mreno wa kwanza. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao za shaba wenyewe. Ibn Battuta alipopita mwaka 1331 alikuta mji uliokwisha kusimama. Sarafu kadhaa za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na zilivyofika huko bado ni mjadala mtamu.

"Pipa likikauka ni salama kulikata"

Pipa au tanki lililowahi kubeba petroli, dizeli au tina ya kuchanganyia rangi halikauki kwa maana unayoifikiria. Mvuke unabaki kwenye mishono na kutu, na mvuke ndio unaolipuka, wala si mafuta. Likioshwa kwa sabuni na kujazwa maji mpaka karibu na pale unapokata, angalau nafasi ya mvuke inapungua. Bila hivyo, ondoka hapo, na mwondoe na huyo fundi.

"Gobore si bunduki, ni kifaa cha shamba"

Hapa ndipo ufundi wa uani unapokutana na Jamhuri. Liwale, Nachingwea, Nanyumbu, vijiji vilivyo karibu na pori vina kilio cha kweli: nguruwe na ngedere kwenye mihogo, tembo kwenye mahindi. Gobore lilikuwapo tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu, lilikuwapo mikononi mwa Wamatumbi mwaka 1905 vita vya Majimaji vilipoanza, na wapo wanaoamini kwamba kitu cha zamani namna hiyo, kinachojazwa baruti mdomoni, sheria haikihesabu.

Inakihesabu. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka leseni, na mahakama zetu zimekwisha kusikiliza kesi nyingi za magobore. Zaidi ya hapo, shtaka la kumiliki silaha bila leseni husomwa pamoja na Sheria ya Uhujumu Uchumi, ambayo adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi 30. Mtu anadhani atapigwa faini ya shamba, anakuta yuko kwenye meza moja na wahujumu. Kuunda silaha bila kibali ni kosa jingine, na fundi anayesema "mimi nilimrekebishia mzee tu" hajajitoa.

Wapo pia wanaosema mtendaji wa kijiji alishawaruhusu kwa mdomo. Mtendaji hana leseni ya kumpa mtu. Inatolewa na polisi baada ya mwombaji kuchunguzwa. Anachoweza mtendaji ni kupokea taarifa ya uharibifu na kuifikisha kwa afisa wanyamapori, na kwa tembo kuna utaratibu wa kifuta jasho chini ya kanuni za mwaka 2011. Kifuta jasho hakilingani na shamba lililolala chini, hilo kila mkulima atakwambia, na hasira yao naielewa. Ila hakuna mwenye hasira aliyeshinda kesi ya gobore kwa kuieleza hasira yake.

"Bomba la maji ni mtutu tayari"

Hapa sitaingia kwenye namna ya kuunda kitu, kwa sababu sheria nimekwisha kuitaja, na kwa sababu hesabu yenyewe inakataza. Bomba la maji limeundwa kuhimili shinikizo la makumi machache ya bar. Risasi ya shotgani ya kawaida inaruhusiwa kufikia 740. Wenzetu wenye viwanda walijifunza hili kwa vidole vilivyokatika: London wahunzi wa bunduki walipata hati ya chama chao mwaka 1637 na wakaanza kupima mitutu, Birmingham ikajengewa nyumba ya upimaji mwaka 1813, na mpaka leo mtutu hupigwa kwanza kwa shehena ya baruti iliyozidi kawaida, mtu akiwa mbali, ndipo upigwe muhuri. Mtutu wa uani haujapimwa na mtu isipokuwa uso wa anayeushika.

"Mbona limepiga miaka yote bila tatizo?" Ndiyo, na kila mara liliongeza ufa. Mabaki ya baruti hunyonya unyevu, na kwa hewa ya chumvi ya pwani hii kutu inakula kutoka ndani, pasipoonekana.

"Marekani kila mtu anaunda, ni ruksa"

Video zinaonyesha meza, si sheria iliyo chini ya meza. Ni kweli kwamba sheria ya shirikisho ya Marekani inamruhusu mtu asiyezuiwa kumiliki silaha kujiundia moja kwa matumizi yake, si biashara. Lakini bunduki za kufyatua mfululizo raia hawezi kuziunda tangu 1986, mitutu mifupi ina masharti tangu 1934, na majimbo kama California na New Jersey yameongeza yao. Vile vifurushi vya vipande vilivyokuwa vikiuzwa bila namba viliwekewa kanuni mwaka 2022, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikaithibitisha kanuni hiyo Machi 2025. Kwa hiyo hata hao wa kwenye video wana mipaka yao. Na kijana wa Masasi anayewaiga hashitakiwi California, anashitakiwa hapa.

"Ukilisalimisha la babu, umejichongea"

Kuna gobore nyingi darini ambazo waliopo hawakuziunda wala kuzipiga. Walizirithi pamoja na nyumba. Woga wao ni kwamba kulipeleka ni kukiri. Umoja wa Afrika uliuteua Septemba kuwa mwezi wa msamaha wa kusalimisha silaha barani, na Tanzania imekuwa ikitangaza vipindi vyake. Mwaka 2022, kwa mfano, kilikuwa Septemba mosi hadi Oktoba 31, na aliyesalimisha kwa hiari hakushitakiwa kwa kuwa nalo. Zilipokelewa vituo vya polisi na pia ofisi za serikali za mitaa, jambo linalomsaidia mtu wa kijiji ambaye kituo kiko mbali. Kinachofaa ni kumtafuta mwenyekiti au mtendaji kwanza, kumweleza lilipo, na kuacha lichukuliwe kutoka hapo. Kulifunga kwenye kanga na kupanda nalo bodaboda ni njia ya kukutana na askari kabla hujasalimisha.