Valvu ya Chuma au ya Mnyama, Kifua Kinapofunguliwa Mara ya Pili

Wagonjwa wanaorudi kubadilishiwa valvu ya moyo, yaani mlango unaopitisha damu upande mmoja tu, huuliza kwanza ipi ni bora. Mimi huanza kwa kuuliza ile ya kwanza iliharibika kwa nini.

Ikiwa ilikuwa ya mnyama, yaani ya nguruwe au iliyoshonwa kwa ngozi inayofunika moyo wa ng'ombe, na imekakamaa kwa chokaa mgonjwa akiwa bado kijana, nyingine kama hiyo itafuata njia ileile. Kwa kawaida hudumu miaka 10 hadi 15, na kwa vijana huchakaa mapema zaidi. Ikiwa ilikuwa ya chuma (tunaiita hivyo kwa mazoea, ingawa vibawa vyake vinavyofunguka na kufungika ni vya kaboni) na damu ikaganda juu yake kwa sababu dawa za kuzuia damu kuganda zilikuwa zikirukwa, kumwekea nyingine ya chuma ni kumrudisha kwenye shida ileile. Maambukizi hayaamui, maana aina zote mbili hushambuliwa.

Valvu ya chuma huweza kudumu maisha yote, lakini hudai warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kila siku, na mara kwa mara kipimo cha INR kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani. Lengo la INR huwa karibu 2.5 kwa valvu ya aota (penye mshipa mkuu unaotoa damu moyoni) na 3 kwa ya mitrali (kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo). Dawa mpya zisizohitaji kipimo hicho hazifai hapa: jaribio la dabigatrani, mojawapo ya dawa hizo, lililochapishwa mwaka 2013 lilisimamishwa mapema, kwa kuwa walioitumia waliganda damu na kuvuja damu zaidi ya wale wa warfarini. Mwanamke anayetaka kuzaa alieleze hilo mapema, kwani warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kwa upande mwingine, anayeitumia tayari kwa sababu ya mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio hapati nafuu kubwa kwa kuchagua ya mnyama, maana bado atahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda.

Kisha kuna upasuaji wa tatu, ambao wengi hawapendi kuufikiria. Baada ya kila upasuaji moyo hushikamana kwa makovu na mfupa wa kidari, na kuufungua tena bila kujeruhi kitu huwa kazi ngumu zaidi. Ndiyo maana kabla ya hapo tunapiga picha ya CT, ili kuona moyo umekaribia mfupa huo kiasi gani. Siku hizi valvu ya mnyama iliyochakaa inaweza kuwekewa nyingine ndani yake kwa mrija unaopitishwa kwenye mshipa wa paja, bila kupasua kifua. Lakini ni kikombe ndani ya kikombe. Ya zamani ikiwa ya milimita 19 au 21, njia ya damu hubaki nyembamba mno. Basi muulize daktari wako atakuwekea saizi gani, na kama njia ya aota inaweza kupanuliwa katika upasuaji huohuo.

Ukija kliniki, njoo na kadi ya valvu ya kwanza na ripoti ya upasuaji ule. Aina na saizi vimeandikwa humo.