Nyumba za Kale za Mikindani na Hatari ya Lipu ya Saruji

Mwenye nyumba ya mawe Mikindani, mji wa kale wa pwani karibu na Mtwara, akiona lipu imeanza kubanduka, kwa kawaida hutafuta fundi na mfuko wa saruji. Ukuta unapigwa lipu mpya, unapakwa rangi, unapendeza. Misimu michache ya mvua ikipita, lipu inavimba, inaanguka vipande vikubwa, na safari hii inang'oka na mawe yenyewe. Watu husema nyumba imezeeka. Mara nyingi kilichoiumiza ni ile saruji.

Wajenzi wa mji huu walitumia mawe ya matumbawe, wakayashikisha kwa udongo na chokaa, kisha wakapiga lipu ya chokaa juu yake. Kuta ni nene, na msingi hauna tabaka la kuzuia unyevu. Maji hupanda kutoka ardhini yakiwa na chumvi, jambo lisiloepukika kwa mji ulio kando ya ghuba. Chokaa ina vinyweleo, kwa hiyo maji hupita na kukauka nje. Saruji huyafungia ndani. Chumvi hujikusanya nyuma ya lipu, inaganda, inasukuma, na jiwe la matumbawe, ambalo ni laini, husagika kuwa unga. Gonga ukuta wa namna hiyo kwa kifundo cha kidole. Ukisikia mlio wa uwazi, lipu imeshaachana na jiwe.

Tazameni pia dari za ghorofa. Zimebebwa na boriti za mikoko, na ndiyo maana vyumba vingi vya kale ni virefu lakini vyembamba: upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa mti, takriban mita mbili na nusu hadi tatu. Boriti huanza kuoza kwenye ncha iliyozikwa ukutani. Ukuta ukifungiwa unyevu, ncha hiyo haikauki kamwe, na siku moja sakafu ya juu inashuka.

Hasara hii ni kubwa kuliko nyumba moja. Mikindani ulikuwa mji wa biashara ya pwani, na pia wa biashara ya watumwa, jambo tusilopaswa kulificha. David Livingstone aliingia bara kutokea hapa mwaka 1866, katika safari yake ya mwisho. Wajerumani wakajenga boma lao mlimani mwaka 1895. Bandari ya Mtwara ilipojengwa kwa ajili ya mpango wa Waingereza wa mashamba makubwa ya karanga baada ya Vita Kuu ya Pili, biashara ikahamia huko. Kwa maoni yangu, huko kusahauliwa ndiko kulikoziacha nyumba nyingi zikiwa na milango yake ya nakshi na baraza zake. Boma lilikarabatiwa na sasa ni hoteli. Nyumba za watu binafsi ndizo zinazonitia wasiwasi.

Ukitaka kutengeneza, bandua saruji taratibu, na pale iliposhika sana usilazimishe tindo. Tumia chokaa ya mifuko, ndoo moja kwa ndoo tatu za mchanga wa mtoni uliochekechwa. Mchanga wa ufukweni usiuguse, una chumvi. Lowesha ukuta kwanza, piga tabaka nyembamba, kisha funika kwa magunia mabichi kwa siku kadhaa, kwani chokaa ikikaushwa na jua kwa haraka hupasuka. Kazi hii ni ya polepole na mafundi wengi hawaipendi, lakini ndiyo inayoiponya nyumba. Mtini ukiota ukutani, ung'oe ungali mdogo. Na kabla ya yote, ziba paa, kwa maana ukuta wa udongo na chokaa usio na paa haustahimili mvua za Desemba hadi Aprili kwa miaka mingi.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya 1863, na mengine yanaweza kutangazwa na waziri. Kwa hiyo kabla ya kubomoa ukuta au kuuza mlango, fika kwanza ofisi za Manispaa ya Mtwara-Mikindani ukaulize hali ya nyumba yako.