Mbwa anakakamaa na bado mnamrundikia mifupa

Wiki hii tena nimeletewa mbwa misuli ya uso inamchezacheza, anajikwaruza pua mpaka anatoa damu, miguu imekakamaa, vipimo vinasoma kalsiamu chini fosforasi juu na figo nzima, halafu mwenye mbwa ananiambia "daktari kalsiamu nampa kila siku, mifupa na maziwa hakosi".

Jamani. Mbwa ambaye parathairoidi zake zimekufa hata akimaliza mifupa ya bucha zima hali ni ile ile. Hizo tezi 4 za shingoni ndizo zinatoa homoni ya PTH, na PTH ndiyo inaiambia mifupa iachie kalsiamu, inazuia figo isiimwage kwenye mkojo, tena inaifanya figo igeuze vitamini D kuwa kalsitrioli, yaani vitamini D iliyo tayari kufanya kazi, sasa bila kalsitrioli utumbo unanyonya kidogo mno, kingine chote kinaishia kwenye kinyesi. Mifupa nayo imejaa fosforasi, ambayo kwa huyu mbwa tayari imezidi, yaani unamwongezea tatizo kwa pesa yako mwenyewe, na mfupa ukikwama tumboni ni operesheni. Dawa yake ni kalsitrioli, kila siku, maisha yote. Vidonge vya kalsiamu tunaanza navyo pamoja ila baadaye wengi tunawapunguzia, chakula kizuri cha mbwa kinamtosha.

Na akichangamka msiache dawa, tezi hazijarudi! Mara nyingi ni kinga ya mwili wake mwenyewe imeziua. Wala msiongeze dozi ili "ajae kalsiamu". Mimi kalsiamu ya damu naitaka ikae kati ya 8 na 9.5 mg/dl hivi, chini chini, kwa sababu bila PTH figo inavujisha kalsiamu nyingi kwenye mkojo na ikizidi figo inaharibika. Ukiona anakunywa maji sana na hataki kula, mlete tupime damu siku hiyo hiyo.

Degedege: si kila anayeanguka ana kifafa au kalishwa sumu, pimeni kalsiamu kwanza kabla hamjamfungia kwenye dawa za kifafa. Lakini kama amemng'ata mtu hapo hatubahatishi, osha kidonda kwa sabuni na maji mengi dakika 15 halafu hospitali, kichaa cha mbwa hakina mchezo.

Ile chupa ya kalsiamu ya ng'ombe msimchome nyumbani, tafadhali. Kwenye mshipa inaingia pole pole, dakika 10 mpaka 30, huku tunasikiliza moyo, ukiharakisha moyo unasimama.

Jike mwenye mimba pia msimpe kalsiamu eti asije akakakamaa akinyonyesha. Ukimpa mapema tezi zinazubaa, akizaa maziwa yakaanza kuvuta kalsiamu kwa kasi zinachelewa kuamka, na ndio hapo anaanza kutetemeka. Mpe chakula cha watoto wa mbwa kuanzia mimba ikiwa kubwa mpaka aachishe, basi.