Kwa nini akili mnemba inababaika kwa Kikurdi, lugha ya mamilioni ya watu?

Wakurdi wanakadiriwa kuwa milioni 30 hadi 40, wengi wao wakiishi Uturuki, Iran, Iraq na Syria. Kiswidi kina wazungumzaji kama milioni 10 tu, lakini akili mnemba inakimudu vizuri zaidi. Kwa nini?

Sababu si ugumu wa lugha. Programu hizi hujifunza kwa kusomeshwa maandishi mengi mno, na kisichoandikwa haziwezi kukijua. Kikurdi nacho kilizuiwa kuandikwa. Nchini Uturuki, sheria namba 2932 ya mwaka 1983 ilikataza kuchapisha na kutangaza kwa lugha hii, bila hata kuitaja kwa jina, na ilifutwa mwaka 1991. Kwa hiyo ukimya tunaoukuta leo ndani ya kompyuta ulianza na katazo la binadamu.

Hata kile kilichoandikwa hakikukaa pamoja. Wazungumzaji wa Kikurmanji, moja ya lahaja kuu mbili za Kikurdi, hasa wa Uturuki na Syria, hutumia herufi za Kilatini zilizoenezwa na mwandishi Mkurdi Celadet Alî Bedirxan katika jarida la Hawar, lililoanza Damascus mwaka 1932. Wazungumzaji wa Kisorani, lahaja ya pili, wa Iraq na Iran hutumia herufi zenye asili ya Kiarabu. "Usiku" kwa Kikurmanji ni şev. Kwa Kisorani ni شەو. Ni ndugu wa tumbo moja, ila kompyuta huwaona kama wageni wasiojuana. Sisi wenye tenzi za kale zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu tunalielewa jambo hili: hati ikibadilika, mjukuu anaweza kushindwa kusoma aliyoyaandika babu yake.

Na kuna mtego mdogo zaidi, ambao mimi naona ndio unaoeleza mengi. Katika Kisorani, irabu ە inaweza kuchapwa kwa alama yake yenyewe, au kwa herufi ه ikifuatiwa na alama isiyoonekana. Msomaji haoni tofauti yoyote. Mashine inahesabu maneno mawili. Hata lundo dogo la maandishi lililopo linagawanyika tena vipande vipande, mpaka mtu anayeijua lugha akae chini ayasafishe.

Ndiyo maana kazi yenyewe inaanza na watu. Katika Common Voice, mradi wa Mozilla wa kukusanya sauti za kuifundishia kompyuta, wazungumzaji wa Kikurmanji na Kisorani husoma sentensi kwa sauti zao kwa hiari, na wenzao husikiliza na kuthibitisha. Google Translate ilipokea Kikurmanji mwaka 2016. Kisorani kikasubiri hadi 2022.

Hazina kubwa zaidi, hata hivyo, haipo kwenye karatasi. Imo vifuani mwa dengbêj, waimbaji wanaosimulia vita, mapenzi na misiba kwa sauti tupu, mara nyingi bila ala yoyote. Ndio waliobeba historia miaka ile kalamu ilipokatazwa. Mjini Diyarbakır, Uturuki, walifunguliwa nyumba yao mwaka 2007, na wageni huingia kuwasikiliza. Mashine inaweza kusaidia kunakili nyimbo hizo, lakini neno la kijijini likiipita, wa kulisahihisha ni dengbêj mwenyewe. Na kabla ya kinasa sauti kuwashwa, yeye ndiye wa kuulizwa kama ameridhia.