Ushiriki wa mwanafunzi: kompyuta inaona nini, na nini haioni

Saa sita usiku imegonga, bando la usiku limefunguka. Mwanafunzi wa mwaka wa pili amekaa kwenye kimbweta nje ya bweni, simu mkononi, anaingia kwenye Moodle, mfumo wa chuo wa masomo ya mtandaoni, kushusha noti za wiki ya sita. Faili linafika nusu, mtandao unakata. Anabofya tena, unakata tena. Mara ya tano linashuka, analihifadhi, anakwenda kulala. Mwenzake katumiwa faili hilohilo kwa WhatsApp, kalichapisha stesheneri, kisha yeye na wenzake watatu wamelisoma mpaka usiku wa manane wakibishana mstari kwa mstari. Asubuhi mhadhiri anafungua ripoti ya mfumo. Wa kwanza: amefungua noti mara tano. Wa pili: sifuri.

Ni nani kati yao aliyeshiriki?

Swali hilo ndilo lililo ndani ya dhana ambayo watafiti wa elimu ya juu wanaiita ushiriki wa mwanafunzi. Neno "ushiriki" kwetu linachanganya kidogo, maana tumezoea kusema mtu ameshiriki semina kwa kuwa jina lake liko kwenye karatasi ya mahudhurio. Hapa maana ni nzito zaidi. Mwaka 1984 Mmarekani Alexander Astin aliandika kwamba cha kuangalia ni kiasi cha nguvu, ya mwili na ya akili, ambacho mwanafunzi anakitia katika masomo na maisha ya chuo. Miaka 20 baadaye, mwaka 2004, Jennifer Fredricks, Phyllis Blumenfeld na Alison Paris wakaugawa ushiriki katika sura tatu. Wao walikuwa wakizungumzia shule, lakini vyuo vikuu vimeuchukua mgawanyo huo na kuutumia mpaka leo.

Sura ya kwanza ni ya matendo: anahudhuria, anakusanya kazi kwa wakati, anajibu darasani. Ya pili ni ya hisia: analipenda somo au limemchosha, anajiona yumo au ni mgeni pale. Ya tatu ni ya fikra, na kwangu mimi ndiyo roho ya jambo lote: anahangaika kuelewa, anaunganisha jambo jipya na alilolijua jana, anajiuliza mwenyewe kama kweli amelipata.

Teknolojia inaiona vizuri sura ya kwanza tu. Mibofyo, dakika na idadi ya ujumbe ni vitu vinavyohesabika, na kinachohesabika ndicho kinachoandikwa. Mwaka 2020 Melissa Bond na wenzake walichapisha mapitio ya tafiti 243 za mwaka 2007 hadi 2016 kuhusu teknolojia na ushiriki katika elimu ya juu. Walikuta kwamba ushiriki wa matendo ndio uliotajwa mara nyingi kuliko sura nyingine zote, kwa mbali. Jambo lililonishtua zaidi ni kwamba tafiti chache tu zilieleza neno "ushiriki" lina maana gani. Watu walikuwa wakipima kitu ambacho hawajakitaja ni nini.

Je, teknolojia yenyewe inaongeza ushiriki? Mjadala huu ni mkongwe. Mwaka 1983 mtafiti wa elimu Richard Clark alisema chombo cha kufundishia ni kama lori linaloleta vyakula dukani: lori halibadilishi lishe ya mtu, kinachobadilisha ni chakula. Robert Kozma alimpinga baadaye, akisema chombo kina uwezo wake na mwanafunzi hujifunza kwa kuutumia. Mimi namwelekea Clark, na sababu ni Eric Mazur wa Harvard.

Mazur alifundisha fizikia kwa mihadhara ya kawaida hadi alipogundua kwamba wanafunzi wanakokotoa vizuri lakini dhana za msingi hawana. Kuanzia mwaka 1991 akabadili utaratibu. Anatoa swali la dhana, kila mtu anachagua jibu peke yake, kisha anageukia jirani yake na kumshawishi, kisha wanachagua tena. Unaweza kufanya hivyo kwa rimoti ndogo za kupigia kura au kwa simu. Unaweza pia kufanya kwa kadi za karatasi au vidole. Kinachofanya kazi ni zile dakika mbili za kubishana na jirani. Rimoti inamsaidia mwalimu kuhesabu haraka katika ukumbi wa watu 300, na huo nao ni msaada wa kweli.

Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni. Kwenye mihadhara ya kawaida waliofeli walikuwa wastani wa asilimia 33.8. Pale wanafunzi walipopewa la kufanya, asilimia 21.8. Kwa anayeijua siku ya kubandikwa matokeo, tofauti hiyo ni watu wengi wanaoepuka sapu, yaani mtihani wa marudio.

Ila hisia na fikra haziendi pamoja kila mara. Utafiti wa Harvard uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba wanafunzi wa fizikia waliofundishwa kwa kushirikishwa walijifunza zaidi, lakini wao wenyewe walijiona wamejifunza kidogo kuliko wenzao waliosikiliza mhadhara mtamu. Kufikiri kunachosha, na uchovu huo mtu anaudhania kuwa ni kutoelewa. Kwa hiyo dodoso la mwisho wa muhula nalo linaweza kukupoteza, sawa na ripoti ya mibofyo.

Mapitio ya Bond yanasema pia kwamba tafiti nyingi zilitoka Marekani na Uingereza, na kwamba majukwaa ya kuandikiana yalikuwa miongoni mwa zana zilizotumika zaidi. Kwetu mazungumzo ya masomo yapo kwenye kundi la WhatsApp la kozi na kwenye vimbweta. Mtu anauliza kwa nini jibu la swali la uchumi ni B, na mwenzake anarekodi sauti ya sekunde 40: "Sikiliza, bei haijabadilika hapo. Kipato ndicho kimeongezeka, kwa hiyo mstari wote wa mahitaji unahama. Ngoja, nikuchoree." Kisha inafuata picha ya karatasi ya daftari yenye mistari miwili ya kalamu. Hakuna mfumo wa chuo unaoiona sauti ile.