Majina Usiyoyajua Kwenye Kompyuta Yako: Nani Mgeni, Nani Mwenyeji

"Fundi, nimeingiliwa." Kauli hii nimeisikia mara nyingi mno, na karibu kila mara inafuatana na picha ileile ya orodha ya akaunti: Administrator, DefaultAccount, Guest, WDAGUtilityAccount, kisha jina la mwenye kompyuta. Hilo la nne ndilo linalowanyima watu usingizi. Wanasema lina sura ya jina lililotungwa na mtu asiyetaka kujulikana.

Hakuna mtu. Majina hayo manne huwekwa na Windows yenyewe. Administrator na Guest ni za siku nyingi, na kwenye Windows za leo zote mbili huwa zimezimwa. DefaultAccount ilikuja na Windows 10, nayo ni ya matumizi ya mfumo. WDAGUtilityAccount iliongezwa kwa ajili ya kinga ya kivinjari, ile iliyokuwa ikifungua kurasa zisizoaminika pembeni, mbali na mafaili yako. Kompyuta iliyotoka kwenye boksi leo utayakuta humo humo.

Usiniamini kwa maneno matupu. Fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, uandike net user DefaultAccount. Tafuta mstari wa Account active. Ukisoma No, akaunti hiyo haiwezi kutumiwa kuingilia. Hapo ndipo wengine huniambia, "Lakini fundi, mbona Password last set inaonyesha leo, tena saa hii hii?" Naelewa kwa nini inatisha. Akaunti ambayo haijawahi kuwekewa nywila haina tarehe ya kuonyesha, basi amri ile huonyesha saa ya wakati unapoiuliza. Subiri dakika mbili, iandike tena: saa nayo itakuwa imesogea dakika mbili.

Kinachoniumiza hasa ni watu wanaoanza kufuta kabla ya kuuliza. Mwalimu mmoja mstaafu aliniletea laptopu iliyokuwa imegoma kuwaka. Mpwa wake alikuwa amefungua sifa za folda ya Windows kwenye diski C, akaingia tabu ya Security inayoorodhesha wenye ruhusa, akakuta majina ya SYSTEM na TrustedInstaller, na chini yake mstari mmoja wa namba ndefu unaoanza na S-1-5-21 wenye maneno Account Unknown. Akayaondoa yote, moja baada ya jingine, akiamini anawafukuza wezi. SYSTEM ndiyo Windows yenyewe ikifanya kazi; TrustedInstaller ndiyo inayosimamia mafaili ya mfumo na masasisho. Kuziondolea ruhusa ni kumfungia mwenye nyumba nje ya nyumba yake. Nilihamisha kwanza picha na barua za Mama yule kwenye diski ya nje, kisha nikaisimika Windows upya. Kijana hakuwa na nia mbaya, alikuwa anamsaidia shangazi yake. Ndiyo maana nasisitiza hili mpaka wateja wanachoka nami.

Na ile namba ndefu? Kila akaunti ina namba ya utambulisho, na jina ni kibandiko tu juu yake. Akaunti ikifutwa, au diski ikiwa na mafaili ya Windows iliyokuwepo kabla, namba hubaki kwenye ruhusa za folda bila jina. Laptopu zilizotumika tunazonunua maofisini na madukani zimejaa mabaki ya namna hii. Zile zinazoanza na S-1-15-3 si za mtu kabisa. Hizo ni ruhusa za programu, na Microsoft wenyewe wanaonya zisifutwe.

Wengine wanasema dawa ni kufomati. Ukimaliza kufomati na kusimika Windows, majina yaleyale manne yatarudi, kwa sababu Windows huja nayo.

"Antivairasi haikuona kitu, basi niko salama." Si kweli. Mtu mwenye nywila yako akitengeneza akaunti kwa njia ya kawaida, antivairasi haina kirusi cha kukamata.

Wapo pia wanaoibiwa Facebook au barua pepe kisha wanakuja kumtafuta mwizi kwenye orodha ya akaunti za Windows. Hayumo humo. Nenda kwenye mipangilio ya huduma yenyewe, angalia vifaa vilivyoingia, viondoe, badilisha nywila.

Sasa, akaunti ya kuiogopa ipo, na mara nyingi ina jina la kawaida kabisa: User, Admin, Support, PC. Andika net localgroup administrators. Watakaotajwa ndio wenye mamlaka yote juu ya kompyuta yako. Administrator atakuwemo hata akiwa amezimwa, usishtuke. Mwingine yeyote ambaye si wewe wala mtu wa nyumbani, mkague kwa net user na jina lake: yuko hai? Last logon ni lini? Akaunti inaweza kufichwa isionekane kwenye skrini ya kuingilia, lakini kwenye kundi hili itatajwa. Kama unataka kujua ilizaliwa lini, fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, kumbukumbu za Security, tafuta namba 4720. Wahi, maana kumbukumbu hizo zikijaa za zamani hufutwa.

Kabla ya kuilaumu dunia, uliza nyumbani, kisha mpigie fundi wa mwisho aliyeishika. Mafundi wenzangu wengi hutengeneza akaunti ya kufanyia majaribio na kuiacha, na mimi siupendi mtindo huo hata kidogo. Kama ni yake, nakili kwanza mafaili yoyote yako yaliyomo kwenye folda yake ndani ya C:\Users, ndipo uifute kupitia mipangilio ya Accounts. Na kama ulimwandikia nywila yako kwenye karatasi ya risiti, ibadilishe leo.